Gari Lililopangishiwa Chumba

Kwa mwaka mmoja na miezi miwili nililala mchana na kulinda magari usiku. Ghala lenyewe lilikuwa mashambani, kaskazini ya London, basi moja halafu kutembea kwa miguu dakika 20. Kwa nje ungedhani wanahifadhi viazi. Ndani kulikuwa na magari zaidi ya 100, mengine yamefunikwa kwa vitambaa laini, mengine yamewekwa ndani ya mahema ya plastiki angavu yanayojazwa hewa kwa feni ndogo, kama wagonjwa wa chumba mahututi.

Nasema nililinda, lakini kazi ya wezi ilikuwa ya kamera. Mimi nililinda magari yale dhidi ya maadui wadogo: unyevunyevu, panya, betri kufa, tairi kulalia upande mmoja hadi zikawa bapa. Kila usiku nilizunguka na daftari, nikasoma vipimo vya unyevu, nikaandika. Mara moja kwa mwezi tulikuwa wawili tukisukuma kila gari hatua moja mbele. Mwezi unaofuata tulilirudisha hatua moja nyuma. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yake.

Kwenye kona ya mwisho, mbali na mlango, yalisimama mawili ya Kitaliano ubavu kwa ubavu. La kwanza lilikuwa Ferrari 365 GTB/4, ambayo dunia nzima inaiita Daytona, nyekundu, boneti ndefu kama jahazi, usukani kulia kama magari ya kwetu. La pili lilikuwa Lamborghini Miura S, rangi ya chungwa, fupi kiasi kwamba paa lake lilinipita kiuno kidogo tu, na pembeni ya taa zake kuna mistari myeusi kama kope. Mwenye mali alikuwa mmoja. Katika miezi yote 14 sikumwona.

Nilipoanza kazi nilimpigia simu baba yangu, Tanga, kumpa habari. Baba alikuwa dereva wa teksi maisha yake yote, nikajua habari hii itamfurahisha.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Habari za baridi?"

Nikamweleza. Akaniuliza hayo magari yanakwenda kasi gani.

"Hilo jekundu, kilomita 280 kwa saa."

"Umelipanda?"

"Hapana baba. Halitoki."

"Bovu?"

"Zima kabisa. Mwenyewe analipia kila mwezi likae hapa."

Alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo gari limepangishiwa chumba," akasema. Hakuwa anauliza. Kisha akageuza maneno, akaniulizia kama ninakula vizuri.

Siku za Alhamisi alikuja fundi mzee, Mwingereza, ambaye ameshika magari ya Kitaliano tangu ujanani. Wakati wa chai ubishi ulikuwa mmoja tu: ukiambiwa chukua moja kati ya yale mawili ya kwenye kona, utachukua lipi? Mlinzi wa zamu ya mchana, kijana, alisema Miura bila kufikiri. Fundi alisema Daytona, naye pia bila kufikiri. Mimi mgeni nilisikiliza. Baada ya wiki kadhaa niligundua kwamba hawabishani juu ya magari hata kidogo. Mmoja alikuwa anazungumzia kitu cha kuwa nacho, mwingine alikuwa anazungumzia kitu cha kwenda nacho, na neno "bora" walilolitupiana mezani halikuwa neno moja.

Nikaanza kusoma. Usiku ni mrefu.

Miura ndiyo iliyotangulia. Ilioneshwa Geneva mwezi Machi 1966, na waliotengeneza walikuwa vijana watupu. Wahandisi Gian Paolo Dallara na Paolo Stanzani walikuwa hawajafika miaka 30. Marcello Gandini wa kampuni ya Bertone, aliyechora bodi, alikuwa na miaka 27. Mjaribu magari wao, Bob Wallace, alitoka New Zealand. Tajiri wao, Ferruccio Lamborghini, alikuwa mtengeneza matrekta, na hakutaka kusikia habari za mashindano. Wale vijana walitaka. Kwa hiyo walichora, baada ya saa za kazi, gari la mashindano ambalo halitashindana: injini ya silinda 12, lita 4 kasoro kidogo, imelazwa kwa upana mgongoni mwa dereva, injini na gia ndani ya nyumba moja na zikioga oili moja. Ya kwanza ilitoa nguvu za farasi 350. Miura S ikafika 370, na SV ya mwaka 1971 ikafika 385.

Daytona ilitoka Paris mwaka 1968. Maranello, nyumbani kwa Ferrari, na Sant'Agata Bolognese, nyumbani kwa Lamborghini, ni mwendo usiofika saa moja kwa gari, lakini ungedhani watu wa pande mbili hizi hawakuwahi kuonana. Wakati jirani amekwisha kuhamishia injini nyuma, Ferrari waliiacha mbele palepale pa zamani, silinda 12 nao, lita 4.4, nguvu za farasi 352. Gia tu ndizo walizipeleka nyuma ili uzito ugawanyike sawa. Leonardo Fioravanti wa Pininfarina ndiye aliyechora bodi. Jina la Daytona si la kiwandani. Watu waliliokota baada ya Ferrari tatu kushika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu katika mashindano ya saa 24 kule Daytona, Marekani, Februari 1967.

"Ng'ombe mbele, mkokoteni nyuma," fundi alisema, akijisifia kana kwamba ng'ombe ni wake.

Kwa kasi, tofauti yao haifiki kidole. Gazeti la Autocar la Uingereza liliipima Miura S mwaka 1970 ikafika maili 172 kwa saa. Mwaka uliofuata likaipima Daytona: 174. Kwa kilomita ni 277 na 280. Lakini muulize mtu aliyeendesha zote mbili namna zinavyofika huko. Miura tenki lake la mafuta liko mbele, kwa hiyo kadiri unavyokwenda pua inakuwa nyepesi, na upepo nao unaingia chini na kuinyanyua, na mikononi mwako usukani unaanza kuwa kama wa mashua. Injini iko nyuma ya kisogo chako, umetengwa nayo kwa kioo tu, kelele na joto ni lako. Daytona ni kinyume. Kwenye maegesho usukani wake ni mzito kama wa lori, unatoka jasho kuiingiza mahali. Ukishaiachia barabara inalegea, inatulia, na kadiri unavyokanyaga mafuta ndivyo inavyozidi kuona njia. Fundi alisema Miura inakutisha ukiwa nayo na Daytona inakutisha ukitazama saa, ukaona umefika mapema kiasi gani.

Na kufika ndiko Daytona ilikoacha jina. Mwaka 1971 Dan Gurney na Brock Yates walitoka nayo New York wakaivuka Marekani yote hadi Redondo Beach, California, kwa saa 35 na dakika 54, kwenye mashindano ya barabarani ambayo hayakuwa na ruhusa ya mtu yeyote. Mwaka 1979, miaka 6 baada ya kiwanda kuacha kuitengeneza, Daytona iliyokwisha kuwa mzee ilishika nafasi ya pili katika mashindano yale yale ya saa 24 yaliyoipa jina. Miura haina hadithi ya namna hiyo. Miura haikutumwa popote na kiwanda chake.

Basi, kwa matendo, fundi alikuwa na haki. Sasa nenda mnadani.

Magari haya yalipokuwa mapya, nchini Marekani kila moja lilikuwa karibu dola 20,000, zikipishana kidogo. Leo Daytona nzuri ya paa inauzwa chini ya dola milioni moja, na Miura SV nzuri inapita milioni mbili bila kugeuka nyuma. Sehemu ya sababu ni uchache: Miura zilitoka kama 760, Daytona kama 1,400. Lakini uchache peke yake hautoshi. Kuna magari machache zaidi ya hayo ambayo hakuna anayeyataka. Watu wananunua Miura kwa sababu ni ya kwanza, kwa sababu Gandini alichora kitu ambacho ukikiona unasimama, na kwa sababu zile kasoro zake zote, joto, pua nyepesi, kabureta zilizokuwa zikidondosha petroli juu ya injini ya moto hadi nyingine zikaungua, hazimsumbui mtu ambaye haendeshi. Mnunuzi wa mnadani hulipia macho. Ubora wa Daytona uko kwenye saa ya nane ya safari, na saa ya nane haiingii kwenye picha.

Hapo nilidhani nimekwisha kupata jibu, na jibu lenyewe lilinipendeza kwa sababu lilinipa nafasi ya kumdharau tajiri nisiyemjua. Nikaendelea kusoma ili nipate ushahidi zaidi, na ushahidi nikaupata.

Kulikuwa na Daytona ya wazi, isiyo na paa. Kiwanda kilitengeneza 122 tu, wakati zile za paa zilikaribia 1,300. Bei ya zile za wazi ilipopanda, baadhi ya wenye Daytona za paa waliyapeleka magari yao kwa fundi wa bodi, yakakatwa paa. Niliisoma habari hii saa tisa za usiku, nikainuka nikaenda kuitazama ile nyekundu ya kwenye kona. Nguzo ya paa lake, pale inaposhuka nyuma ya kioo cha mlango, ni nyembamba kuliko unavyotarajia. Msumeno haungechukua muda. Gari lilikuwa zima, halina kosa. Kosa lake lilikuwa kwamba ndugu yake ana bei. Na baada ya kukatwa halikuwa la paa tena, na la wazi la kweli pia halikuwa, kwa sababu namba ya chesisi haisahau.

Sheria haina neno hapo. Mali ni yake, msumeno ni wake. Lakini mtu akikata paa zima kwa hesabu ya soko, ninahisi kuna aliyedhulumiwa, na sijui nimtaje nani. Gari halina roho. Fioravanti alilipwa zamani. Labda aliyedhulumiwa ni yule ambaye angekuja baadaye akataka kulijua gari lile jinsi lilivyokuwa.

Halafu kuna ile ya Japani. Daytona moja ya mwaka 1969, bodi yake ya alumini wakati Daytona za barabarani bodi yake ni ya chuma, ilikaa bandani kwa karibu miaka 40. Septemba 2017 ikapelekwa mnadani, Maranello kwenyewe, haijaoshwa. Vumbi liko juu kama unga. Ikauzwa kwa zaidi ya euro milioni 1.8. Sikatai kwamba alumini ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya bei hiyo. Lakini mbona hawakuiosha? Kwa sababu vumbi lilikuwa sehemu ya bidhaa. Mtu angeichukua gari hiyohiyo mwaka 1980, akaitunza, akabadilisha viti vilivyochanika, akapuliza rangi mara mbili, akafumua injini kila ilipobidi, akaenda nayo harusini na mazikoni, angeileta mnadani leo aambiwe: pole, si ya asili tena. Aliyeitunza anakatwa bei. Aliyeisahau anapigiwa makofi.

Sisi tuna methali inayosema akiba haiozi. Aliyeitunga hakuwa na gari la Kitaliano. Petroli ikikaa inageuka gundi ndani ya kabureta. Mpira unaoziba oili unakauka na kupasuka. Mafuta ya breki yanakunywa unyevu wa hewa na kutu inaanza ndani ambako huioni. Ukitaka gari lisimame miaka 10 na libaki zima, lazima mtu alihangaikie kila wiki, na yule mtu nilikuwa mimi. Tajiri yule aliweka. Kutunza kulikuwa kwangu, kwa mshahara wa saa. Nilijua sauti ya feni ya kila hema. Nilijua kwamba tairi la nyuma kushoto la Miura lilipoteza upepo kidogo kila wiki tatu. Kuna usiku nilijiuliza, kwa utani wa kujiliwaza, nani kati yetu ni mwenye gari.

Ningeishia hapo ningekuwa nimejipendelea. Kuna jambo ambalo sikuwa nimelisema kwa mtu yeyote pale ghalani, na ndilo lililonifanya nisome habari hizi kwa hasira kuliko zilivyostahili.

Baba alikuwa na Peugeot 504, sisi tuliiita Pijo. Aliinunua ikiwa imekwisha kutumika, akaitumia tena maisha ya pili na ya tatu. Ilibeba samaki, ilibeba mabati, ilibeba maharusi, ilibeba kina mama wa mtaani kwenda Bombo kujifungua, na mmoja hakufika, akajifungulia kiti cha nyuma karibu na reli. Kiti hicho kilioshwa na safari ikaendelea. Rangi yake ya kwanza sikuwahi kuijua. Mlango wa mbele kushoto ulitoka kwenye gari jingine. Kwa kanuni za mnada, hakukuwa na kitu cha asili ndani yake isipokuwa dereva.

Mwaka 2012 injini ilichoka kabisa. Baba alinipigia simu. Yeye hana kawaida ya kuomba, na hata siku hiyo hakuomba. Alinieleza tu kwamba fundi amesema kuifumua yote na spea zake ni shilingi 900,000. Nilikuwa nazo. Nikamwambia, "Baba, gari lenyewe halifiki bei hiyo."

"Sawa mwanangu," akasema.

Aliiuza kwa watu wa chuma chakavu, wakampa pesa kwa kilo. Dada yangu aliniambia baadaye kwamba kwa miezi mingi baba aliendelea kuamka alfajiri, anaoga, anavaa shati la kazi, anakaa barazani hadi saa mbili, kisha anaingia ndani kubadilisha nguo.

Hesabu yangu ilikuwa sahihi. Hilo ndilo linaloniudhi. Gari lile kweli halikufika 900,000. Tajiri wa Daytona aliangalia bei akasema: usiliguse. Mimi niliangalia bei nikasema: litupe. Tulikuwa tumesimama upande mmoja wa mizani, mimi na yeye, na wala hatukuulizana gari lile linamfanyia nani nini. Laiti mwaka ule kungekuwa na mpumbavu mmoja mwenye pesa, akasema Pijo hii nitaiwekea hema la plastiki, ningempigia magoti leo.

Kwa hiyo siwezi kusema kuweka ni dhambi. Hata nikijaribu, vyombo vya mama yangu vitanisuta. Majumba ya zamani ya pwani yana zidaka kwenye kuta, na ndani ya zidaka watu walipanga mabakuli ya kaure yaliyotoka China, vyombo vilivyofinyangwa viliwe, na hakuna aliyevilia. Mama hana zidaka, ana kabati la vioo, na ndani yake sahani sita zenye ukingo wa dhahabu ambazo ni za wageni. Utotoni sikuwahi kumwona mgeni aliyefikia cheo hicho. Shehe alikuja, akala kwenye melamini. Mwalimu mkuu alikuja, melamini. Siku niliyosafiri kuja Ulaya, mama alifungua kabati, akatoa moja, akanipakulia wali. Hapo ndipo nilipojua kwamba ninakwenda mbali. Nilikula kwa woga, kijiko hakikugusa sahani.

Sahani ile ilikaa miaka 20 bila kazi, na kazi iliyoifanya kwa nusu saa melamini isingeiweza. Kutulia kwake hakukuwa kifo. Ilikuwa inamngoja mtu.

Nikirudi kwenye Miura, hata huko kusimama hakukuanza na matajiri wa leo. Novemba 1965, kabla bodi ya Gandini haijatengenezwa, Lamborghini walipeleka kwenye maonyesho ya Turin chesisi tupu: chuma kilichotobolewa matundu ili kiwe chepesi, magurudumu manne, na ile injini imelala kwa upana. Haina mlango, haina kiti cha kukalia. Watu waliiona, wakaagiza. Tangu siku yake ya kwanza Miura ilipendwa ikiwa imesimama. Nani aniambie basi kwamba anayeitazama tu ameikosea?

Nilichobaki nacho, baada ya usiku mwingi wa kuizungusha habari hii, ni kidogo. Mbio na bei ni vipimo viwili vinavyokula kutoka sahani moja. Kila kilomita unayoiendesha Daytona unaipunguzia thamani yake mnadani, na kila mwaka unaoiweka unaipunguzia ule ubora ambao fundi mzee aliutetea kwa ngumi mezani. Mwenye nayo lazima achague, na kuchagua kuweka si lazima kuwe kosa. Kosa ninaloliona mimi ni kuweka kitu kisichomngoja mtu. Sahani ya mama ilimngoja mgeni, hata kama mgeni mwenyewe alichukua miaka 20. Ile nyekundu ya kwenye kona ilikuwa inangoja bei. Siku bei itakapofika, itahamia kona nyingine, ghala jingine, kungoja bei nyingine, na mtu kama mimi atakuwa huko akiisukuma hatua moja mbele na hatua moja nyuma.

Fundi nilimweleza mawazo haya, kwa Kiingereza changu cha wakati ule. Alisema mimi nina bahati, nina nafasi ya kufikiri. Yeye analipwa kwa kazi.

Bei ilifika mwezi wa 13 wa kazi yangu. Mjumbe wa mnunuzi alikuja asubuhi, zamu yangu inaisha, kuikagua Daytona. Kijana nadhifu, ana tochi ndogo na orodha. Alilala chini na kusoma namba, akapiga picha nyingi, akafungua boneti na kupiga nyingine. Mwishoni akasema lazima aisikie.

Fundi aliifungulia hema. Tuliisukuma hadi mlangoni ili moshi upate njia. Betri ilikuwa imejaa, hilo nilikuwa na hakika nalo. Alipogeuza ufunguo nusu, pampu za mafuta zilianza kugonga tik-tik-tik, akazisubiri, akakanyaga pedeli mara mbili tatu, akageuza wote. Ikakohoa. Ikanyamaza. Ikakohoa tena kwa kina zaidi, kisha zikashika, chache kwanza, halafu nyingine, na ghala zima likajaa.

Nilitoa simu bila kupanga. Tanga ilikuwa saa sita mchana.

"Shikamoo baba, sikiliza."

Niliinyoosha simu kuelekea kwenye eksozi. Sijui alisikia kwa muda gani, labda dakika mbili. Mjumbe wa mnunuzi alinitazama, akaona si shauri lake. Fundi alipandisha injini kidogo kidogo, akaiacha ishuke, akaipandisha tena. Halafu akaizima, na ukimya wake ukawa mkubwa kuliko nilivyouzoea.

"Umesikia baba?"

"Nimesikia."

"Unaonaje?"

"Silinda ngapi hiyo?"

"Kumi na mbili."

Akahesabu kitu moyoni, nadhani. "Upande mmoja unapumua vibaya," akasema. "Ikishuka chini inakwama kidogo, halafu inajivuta. Kabureta zake ni nyingi, eh? Mwambie fundi wako moja haijakaa sawa na wenzake. Si mbovu. Imelala mno."

Nilimsubiri mjumbe atoke nje kupiga simu zake, nikamwambia fundi. Hakucheka, ingawa nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko. Aliinamia zile kabureta sita, akaweka kiganja juu ya ya nne, akakaa hivyo kama anayepima homa ya mtoto.

"Baba yako," akaniuliza bila kuinua kichwa, "anaendesha gari gani?"

"Peugeot 504," nikamjibu. "Teksi."